Nani akabidhiwe waya wa kukatia? Uzi kuhusu mafunzo ya endoskopia ya utumbo mpana Nairobi

#1 MkonoWaKushoto (mwanzilishi wa uzi)

Wanajukwaa, salaam. Nimefungua uzi huu kwa sababu ya swali nililoulizwa wiki iliyopita na daktari mmoja kijana tulipokuwa tukinawa mikono baada ya kumaliza wagonjwa wa asubuhi. Alitaka kujua ni lini ataruhusiwa kuanza kukata polipu kubwa, zile za sentimita mbili kwenda juu, kwa kuwa ameshafanya kolonoskopia 150 na ana cheti cha warsha. Nilimjibu kwa mkato, na tangu siku hiyo nafsi imekuwa ikinisuta, kwa maana swali lake lilistahili jibu refu.

Kwa wasio wa fani hii, kolonoskopia ni kuingiza kamera ndefu inayopindika kupitia njia ya haja kubwa hadi mwanzo wa utumbo mpana, pale unapopokea utumbo mwembamba upande wa kulia wa tumbo. Polipu ni kinyama kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo huo. Nyingi hazina madhara, lakini baadhi hugeuka kuwa saratani, kwa kawaida baada ya miaka inayokaribia kumi, na anayeziondoa mapema huwa ameizuia saratani ambayo bado haijazaliwa. William Wolff na Hiromi Shinya walionyesha huko New York, mwishoni mwa miaka ya 1960, kwamba polipu yaweza kukatwa kwa kitanzi cha waya kilichopitishwa ndani ya kamera, bila kulipasua tumbo.

Polipu ndogo, chini ya milimita 10, siku hizi hukatwa kwa kitanzi bila umeme na hatari yake ni ndogo. Zilizo kubwa na bapa ni habari nyingine kabisa. Hizo hudungwa kwanza maji yenye rangi ya buluu chini yake ili ziinuke na kujitenga na msuli, kama andazi linavyofura katika mafuta ya moto, kisha hukatwa kwa kitanzi chenye umeme, mara nyingi vipande vipande. Sisi huiita EMR. Halafu kuna ESD, ufundi uliokuzwa nchini Japani katika miaka ya 1990, ambapo daktari huichonga polipu nzima kwa kisu chembamba kama ncha ya sindano, akipita katika tabaka laini lililo kati ya utando wa ndani na msuli, mpaka itoke kipande kimoja. Yaweza kuchukua saa kadhaa, na ukuta wote anaofanyia kazi una unene wa milimita chache tu.

Hoja yangu ni kwamba hapa kwetu tunahesabu vitu visivyofaa. Tunahesabu vipimo na vyeti, ilhali kinachomkinga mgonjwa ni mambo mengine: mkono uliokomaa katika kazi ya msingi, mkufunzi aliyesimama kando akiwa na mamlaka ya kusema acha, na uwezo wa daktari kulitambua tundu alilolitoboa na kuliziba kabla hajaitoa kamera. Ambaye hajafundishwa kuziba hajawa tayari kukata.

Wanaodhani kwamba tatizo hili ni la nchi maskini peke yake wasome yaliyowakuta Waingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1990 walikagua kolonoskopia zaidi ya 9,000 katika vitengo 68, na matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Madaktari walikuwa wameandika kwamba walifika mwisho wa safari, yaani mwanzo wa utumbo mpana, katika asilimia 76.9 ya vipimo. Wakaguzi walipodai ushahidi ulio wazi, kiwango kikaanguka hadi asilimia 56.9. Utumbo ulikuwa ukitoboka mara moja katika kila vipimo 769 hivi. Lakini takwimu inayoniuma mimi kama mwalimu ni kwamba asilimia 17 tu ya madaktari hao ndio waliokuwa wamesimamiwa katika kolonoskopia zao 100 za mwanzo. Waliosalia hawakupata usimamizi huo, mgonjwa akawa ndiye kitabu.

Jambo la kuwasifu ni kwamba hawakuificha aibu hiyo. Walianzisha vituo vya mafunzo, wakawafundisha wakufunzi namna ya kufundisha, wakaweka fomu za kumpima mwanafunzi akiwa kazini badala ya kumpima kwa maneno. Walipokagua tena mwaka 2011, katika vipimo zaidi ya 20,000, kufika mwisho kulikuwa kumepanda hadi asilimia 92.3, na kutoboka kumeshuka hadi asilimia 0.04, yaani takriban mara moja katika vipimo 2,500. Kamera zilikuwa zimeboreshwa pia katika miaka hiyo, sikatai, lakini kamera nzuri haimfundishi mtu kuvuta nyuma pale nafsi inapomwambia asukume.

Sasa nirudi kwa kijana wangu na vipimo vyake 150. Kwa muda mrefu chama cha wataalamu wa endoskopia cha Marekani kilisema kwamba mtu asipimwe umahiri kabla ya kufanya 140. Mwaka 2011 utafiti wa Mayo Clinic ulionyesha kwamba mwanafunzi wa kawaida hufikia kiwango kinachokubalika akiwa karibu na 275, na Waingereza, waliokuwa wakidai 200, siku hizi wanadai 280. Hapo tunazungumzia kolonoskopia ya kawaida tu, kufika na kurudi ukiangalia vizuri. Polipu kubwa ni ngazi ya juu zaidi, na hata hiyo ina madaraja yake: Waingereza huipa polipu alama kwa ukubwa, umbo, mahali ilipo na urahisi wa kuifikia, kisha huipanga kuanzia daraja la kwanza hadi la nne. Polipu ya sentimita mbili yenye shina upande wa kushoto, na nyingine ya ukubwa huohuo iliyolala bapa nyuma ya mkunjo upande wa kulia, si mtihani mmoja, ingawa katika daftari la mwanafunzi zote mbili huandikwa "sentimita 2".

Naomba michango yenu.

#2 MwanagenziWaKaunti

Shikamoo daktari, na ahsante kwa uzi. Mimi nimo katika hospitali ya kaunti, saa nne kwa gari kutoka Nairobi. Tuna kamera moja ya utumbo mpana, na ikiharibika hukaa kwa mafundi mpaka tusahau rangi yake. Katika wiki iliyo nzuri napata wagonjwa watatu. Kwa hesabu yako ya 280, nitakomaa nikiwa na mvi.

Warsha tunazohudhuria ni za siku mbili. Mgeni anatoka ng'ambo, anakata polipu kwa ustadi mkubwa huku sisi thelathini tukitazama skrini, tunapiga picha ya pamoja, tunapewa cheti, na Jumatatu kila mmoja anarudi kwake akiwa na picha hiyo na mikono ileile aliyokuja nayo. Sisemi kwa kuwabeza, maana niliyoyaona yalinifungua macho. Ila nilipofika nyumbani mtu wa kunisahihisha hakuwepo.

Swali langu ni kama kuna njia ya kuifundisha mikono bila mgonjwa. Mashine za kuigiza nimezisikia, lakini bei yake hatuiwezi.

#3 MkonoWaKushoto

Marahaba, mwenzangu. Umeuliza jambo ambalo nalipenda, kwa hiyo niwie radhi nikienda mbali kidogo.

Mashine za kuigiza zinasaidia mwanzoni kabisa, pale ambapo mkono wa kushoto bado haujazoea magurudumu mawili ya kupandisha na kushusha ncha, na mkono wa kulia unasukuma kamera kama mtu anayezibua bomba la maji taka. Baada ya vipimo kadhaa vya mwanzo faida yake hupungua. Kwa ufundi wa kukata, walimu wengi duniani hutumia viungo vya wanyama waliochinjwa, hasa nguruwe. Hapa kwetu baadhi ya wenzetu hawapendi kumshika nguruwe, na sioni sababu ya kuwalazimisha. Utumbo mpana wa ng'ombe unafaa.

Mimi hununua wangu pale soko la nyama la Burma, Barabara ya Jogoo, alfajiri. Muuza matumbo wangu alinicheka sana mara ya kwanza nilipomwambia asimwage maji ya moto wala asikwangue ndani. Alidhani nimekosa mke wa kunifundisha kupika. Lakini maji ya moto huuivisha utando wa ndani, na ukishaiva hauinuki tena ukiudunga maji. Utumbo huo unaoshwa kwa maji baridi, unakatwa kipande cha urefu wa mkono, unafungwa mwisho mmoja kwa uzi, unalazwa juu ya bati la kupokea umeme ndani ya beseni la plastiki, na kamera inaingizwa upande wa pili. Kamera hiyo lazima iwe ile iliyostaafu, ambayo haitarudi kwa mgonjwa kamwe. Iandikwe kwa rangi nyekundu na iwekwe kabati tofauti, asije mtu akaibeba usiku wa dharura.

Hapo unadunga maji ya chumvi yenye rangi ya buluu, unaona kilima kinapanda, unakizunguka kwa kisu, kisha unaingia chini yake. Chumba kitanuka nyama choma, jirani watauliza. Upungufu wake ni kwamba utumbo uliokufa hautoki damu, haupumui na haujikunji. Kwa hiyo utakudanganya kidogo. Lakini utakuonyesha jambo moja kwa ukweli kamili: kisu kinapogusa msuli unatoboka, na hauombi ruhusa.

Mwongozo wa mafunzo ya ESD uliotolewa mwaka 2019 na chama cha endoskopia cha Ulaya unapendekeza mtu afanye angalau 20 katika viungo vya wanyama kabla ya kumgusa binadamu, na kati ya kumi za mwisho angalau nane zitoke kipande kimoja bila kutoboa. Kisha 10 za mwanzo kwa binadamu zifanywe chini ya usimamizi wa anayeijua kazi. Kwa bei ya matumbo ya Burma, hiyo ishirini ya mwanzo haimshindi daktari yeyote anayelipwa mshahara, hata anayelipwa kwa kuchelewa.

#4 MuuguziMezaYaPili

Daktari, nimesoma yote na naona mmemsahau mtu wa tatu chumbani. Waya wa kukatia huwa mkononi mwa nani? Mara nyingi ni mkononi mwangu. Daktari anashika kamera, mimi nashika kishikio cha kitanzi, naye ananiambia funga. Akisema funga na mimi nikafunga kwa nguvu, polipu itakatika kabla ya umeme na damu itaruka. Nikifunga legelege, umeme utatambaa hadi kwenye msuli na kuuchoma.

Kabla ya mgonjwa kuingia mimi hufungua kitanzi kipya, nakifunga nje ya mwili mpaka ncha ya waya ilingane na mdomo wa mpira wake, halafu naweka alama ya kalamu kwenye kishikio. Ndani ya utumbo, nikifunga na kidole kikasimama mbali na alama hiyo, najua nimekamata nyama nene kuliko inavyopaswa, na huenda msuli umo. Hapo nasema "bado nene, daktari". Wapo madaktari wanaosimama na kuangalia upya. Wapo wanaosema "wewe funga tu". Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi zamani, ambacho sitakitaja, mmoja alinijibu hivyo, na mgonjwa akapelekwa chumba cha upasuaji jioni ileile. Katika ripoti hakuna mahali palipoandikwa kwamba muuguzi alisema.

Ninachoomba ni kwamba mnapopanga mafunzo ya madaktari, sisi tuwe ndani ya chumba hichohicho na matumbo hayohayo. Msitulete siku ya mwisho kuosha kamera.

#5 MkonoWaKushoto

Dada, umesema kweli na nakubali kosa. Alama yako ya kalamu ni jambo ambalo kila mkufunzi angepaswa kulifundisha siku ya kwanza. Wale walioandika kuhusu usalama wa EMR hutaja mambo matatu ya kuangalia, mawili kabla ya kukanyaga pedali ya umeme na la tatu wakati wa kukata: kitanzi kimefunga kiasi gani, nyama iliyokamatwa inacheza huru juu ya ukuta au inauvuta ukuta wote, na inakatika upesi au inasitasita. Jambo la kwanza na la tatu huyajua mwenye kishikio. Daktari huliona la pili tu.

Nitaongeza jambo la lugha. Chumbani kwetu tunachanganya Kiswahili, Kiingereza na ishara za kichwa, na nimewahi kuona "shika" ikieleweka kuwa "funga". Tangu hapo tunakubaliana maneno machache kabla ya kazi kuanza, kila neno na maana yake moja: fungua, funga polepole, simama, kata. Na neno "acha" ni la kila mtu aliyemo chumbani, akiwemo mwanafunzi wa uuguzi aliyeanza leo. Likisemwa, mikono inasimama kwanza, maelezo yanafuata.

#6 BintiWaMgonjwa

Mimi si mtu wa hospitali, nimeingia kwenye uzi huu kwa sababu ya mama yangu. Aliletwa Nairobi kutoka kijijini mwaka jana kufanyiwa kipimo hiki. Alifikia kwangu, mtaa wa Pipeline, katika nyumba ya chumba kimoja, ambapo milango minane inatumia choo kimoja. Alipewa dawa ya kusafisha tumbo, lita nne, anywe usiku. Naomba madaktari mfikirie usiku huo ulikuwaje kwa mama wa miaka sitini na minane akipanga foleni na watoto wa majirani. Alfajiri alikuwa ameacha kunywa nusu yake kwa aibu, na hakuniambia.

Hospitalini, ambayo sitaitaja, walisema tumbo halikuwa safi lakini wakaendelea. Baadaye ndipo nilipojua kwamba aliyeshika kamera alikuwa bado anajifunza. Kipimo kilirudiwa mwezi wa pili uliofuata, kwa pesa nyingine za harambee. Hakuumia, namshukuru Mungu. Lakini naomba kuuliza kwa heshima: je, ni halali mtu ajifunzie kwa mama yangu bila mama yangu kuambiwa?

#7 MkonoWaKushoto

Pole sana, na mfikishie mama pole zetu. Si halali. Kila daktari alijifunza kwa mwili wa mtu, hilo halikwepeki, lakini mtu huyo ana haki ya kuambiwa ni nani atakayeishika kamera, nani atakayemsimamia, na kwamba anaweza kukataa bila kupoteza nafasi yake. Uzoefu wangu ni kwamba wagonjwa wengi hukubali wakiambiwa mapema, kwa lugha yao, wakiwa wamevaa nguo zao. Kinachowakasirisha ni kujua baadaye. Karatasi ya ridhaa inayosainiwa mgonjwa akiwa tayari amelala ubavu wa kushoto, sindano ya usingizi ikiwa mkononi, haina maana ya ridhaa.

Habari ya choo cha Pipeline imenigusa kuliko yote yaliyoandikwa humu. Sisi hupima usafi wa utumbo kwa alama kuanzia 0 hadi 9, sehemu tatu zenye alama tatu kila moja, na tunataka jumla isiwe chini ya 6 wala sehemu yoyote isiwe chini ya 2. Tunaandika alama, tunamlaumu mgonjwa, hatumuulizi amelala wapi. Kwa polipu kubwa jambo hili ni la usalama moja kwa moja: ukitoboa utumbo msafi una muda wa kuziba kwa vibanio, ukitoboa uliojaa uchafu unamwaga uchafu huo tumboni. Kwa hiyo mwanafunzi wangu yeyote anayefika kwenye ngazi ya EMR hupewa kazi ya kumpigia mgonjwa simu siku mbili kabla na kumuuliza, pamoja na dawa anazomeza za kuzuia damu kuganda, choo kiko wapi na kinatumiwa na wangapi. Wengine tumewalaza wodini usiku mmoja kwa sababu hiyo tu. Na mkufunzi anayemruhusu mwanafunzi kuendelea ndani ya utumbo mchafu ndiye mwenye kosa, si mwanafunzi.

#8 MpasuajiMkongwe

Nimewasoma kwa makini. Mimi ni wa kisu cha nje, nimefungua matumbo katika jiji hili kwa miaka mingi, na yale mnayoyatoboa huletewa mimi saa nne usiku. Naomba kuuliza bila kuwaudhi. Wagonjwa wetu wengi wa saratani ya utumbo mpana huja wakiwa wamechelewa, utumbo umeziba, wengine wana umri wa miaka thelathini na kitu. Je, ESD ni anasa ya Wajapani tunayoivaa kama suti ya kuazima? Polipu kubwa ninaweza kuitoa pamoja na kipande cha utumbo kwa saa mbili, mgonjwa akaenda nyumbani baada ya wiki.

#9 MkonoWaKushoto

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe nusu, na nusu hiyo ni kubwa kuliko unavyotarajia.

Kuhusu EMR sikubaliani. Polipu kubwa isiyo saratani haistahili kumgharimu mtu kipande cha utumbo, kwa kuwa upasuaji huo una vifo vyake, una maambukizi yake, na kwa baadhi ya watu una mfuko wa kinyesi tumboni. Udhaifu mkubwa wa EMR ya vipande ulikuwa polipu kurudi pale ilipokatwa. Mwaka 2019 jaribio la Waaustralia lilionyesha kwamba kuchoma kingo za kidonda kwa ncha ya kitanzi, baada ya kila kitu kuonekana kimeondolewa, kulishusha kurudi huko kutoka asilimia 21.0 hadi 5.2. Ncha hiyo ni ya kitanzi kilekile ambacho muuguzi ameshakifungua. Hakuna kifaa kipya cha kununua, kuna tabia mpya ya kufundisha.

Kuhusu ESD ndipo ninapokaa upande wako. Wajapani wana ngazi ya kupandia. Wanayo saratani nyingi ya tumbo la chakula, wanaigundua mapema kwa upimaji, na mwanafunzi wao huanzia sehemu ya chini ya tumbo la chakula, ambako ukuta ni mnene na kamera hutulia. Akishazoea hupewa puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo, na mwisho kabisa utumbo mpana wenyewe, wenye ukuta mwembamba unaopinda na kupumua. Hata huko kwao, bima ya taifa ilianza kuilipia ESD ya tumbo mwaka 2006, na ya utumbo mpana ikasubiri hadi 2012. Sisi ngazi hiyo hatuna. Saratani zetu za tumbo na za umio, kama wenzetu wa Hospitali ya Tenwek kule Bomet wanavyozijua vizuri, huja zikiwa zimekomaa na kinachobaki ni kumwekea mgonjwa mpira wa kumsaidia kumeza. Mtu akianzia ESD kwenye utumbo mpana hapa Nairobi, anaanza kupanda mnazi kutoka kwenye makuti.

Mwongozo ule wa Ulaya unadai angalau ESD 25 kwa mwaka ili mkono usipoe. Nikijumlisha wagonjwa wanaostahili ninaowaona mimi na wenzangu, hawawatoshi madaktari kumi. Huenda wanawatosha wawili. Kwa hiyo maoni yangu, ambayo najua yatawaudhi vijana na hospitali zinazopenda mabango, ni kwamba jiji hili lichague watu wachache, wapelekwe wakakae miezi, si siku, mahali penye kazi hiyo, warudi wapokee wagonjwa wote wa aina hiyo kutoka kila hospitali, na sisi wengine tujifunze EMR vizuri na tujue kuwapelekea. KMPDC, baraza la madaktari la Kenya, humsajili daktari kwa ubingwa wake. Nani aruhusiwe kufanya nini ndani ya chumba cha endoskopia ni jambo la hospitali kuamua, na mara nyingi haliamuliwi na mtu yeyote, linatokea tu.

Na kupeleka kuna adabu yake. Ukiiona polipu kubwa ambayo hutaikata, usiinyofoe vipande vya kupima mara nne, wala usidunge wino chini yake. Kovu linalobaki huugandisha utando kwenye msuli, na atakayekuja nyuma yako akidunga maji haitainuka. Piga picha, dunga wino wa alama sentimita chache mbele yake upande wa njia ya kutokea, andika barua, mpeleke mgonjwa. Mwanafunzi anayefanya hivyo mimi humwandikia alama za juu kuliko yule aliyekata akafanikiwa kwa bahati.

Mzee, umesema unaletewa yanayotoboka saa nne usiku. Nikueleze ambalo nusura uletewe wewe au mwenzako. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado nasimamiwa, katika hospitali moja ya jiji hili nilikata polipu bapa ya milimita 25 upande wa kulia wa utumbo. Ilitoka vizuri, vipande vitatu. Nilikuwa nimeshavifyonza vipande, nimeanza kurudisha kamera, na kwa kweli nilikuwa nimeanza kufikiria chakula cha mchana. Mkufunzi wangu alikuwa nyuma yangu, mikono kifuani, hajasema neno kwa dakika ishirini. Akasema, "Rudi." Nikarudi. Nikaona kidonda cha buluu, kama nilivyokiacha. Akasema, "Osha, halafu sogea." Nikaosha, nikasogea. Katikati ya ubuluu palikuwa na duara jeupe la ukubwa wa punje ya mahindi, lenye mpaka uliochorwa safi kabisa. Ulikuwa msuli. Nilikuwa nimeukata.

Vibanio vinne viliingia pale kabla sijaelewa vizuri nilichokuwa naziba. Mgonjwa alilazwa, akapewa dawa za kuua vijidudu, akanyimwa chakula, akachunguzwa kila saa chache, na siku ya tatu akaenda nyumbani kwa miguu yake. Mwaka 2011 madaktari wa Sydney waliielezea alama hiyo kwa maandishi na kuilinganisha na shabaha ya mlenga mshale: mduara mweupe ndani ya mduara wa buluu, ambao huonekana kwenye kidonda na pia chini ya kipande kilichokatwa ukikigeuza. Nilipoisoma makala hiyo nilitokwa jasho upya. Mimi nilikuwa na kolonoskopia mia kadhaa wakati ule, na nilichokiona ni buluu tu.

Tangu siku hiyo, mwanafunzi wangu haruhusiwi kutoa kamera kabla hajaosha kidonda, akakitazama kingo hadi kingo, akakigeuza kipande, na akaniambia kwa sauti anachokiona. Sauti ni muhimu. Mtu anayekagua kimya hukagua anachotaka kukiona. Na kabla hajapewa polipu ya kwanza ya sentimita mbili, lazima awe ameshaweka vibanio kwenye matundu aliyoyatoboa kwa makusudi katika utumbo wa ng'ombe, mpaka maji yakijazwa yasivuje.

#10 MpasuajiMkongwe

Marahaba. Hilo la kutoboa kwa makusudi ili kujifunza kuziba nalikubali. Ningeomba pia mwanafunzi wenu asimame nami meza moja angalau mara moja ninapofungua tumbo lililotobolewa na kamera, aone kilichomo. Na simu yangu ipigwe kabla ya kazi kuanza, si baada.

#11 MkonoWaKushoto

Imekubaliwa, mzee, na nitaiweka kwa maandishi. Muuguzi wetu naye nimemwomba aongoze sehemu ya kitanzi Jumamosi ijayo. Amekubali kwa sharti kwamba madaktari ndio watakaoosha beseni.

#12 MwanagenziWaKaunti

Naripoti. Nilisafiri usiku, nikafika Burma saa kumi na mbili asubuhi, na muuza matumbo aliponiona na ndoo ya maji baridi akasema, "Wewe ni wa wale." Tulikuwa wanane, wauguzi watatu wakiwemo. Kipande cha kwanza nilikitoboa dakika ya nne. Cha pili nilikitoboa na sikujua, mpaka dada alipokijaza maji na meza ikalowa; nilikuwa nimekitazama kidonda na kutangaza kwa sauti kwamba kiko salama. Cha tatu niliona duara jeupe kabla sijaambiwa. Nikalipoteza nikitafuta kibanio kiingie, nikalipata tena, nikaweka vitatu. Tulipojaza maji, tone moja lilitoka pembeni.

Dada alilitazama lile tone, akanikabidhi kibanio cha nne.